Kikundi cha Nyuma ya Mashine

Wiki jana tulimwacha Nestori mlangoni, mkono kwenye komeo, macho yamemtoka. Mlango alikuwa ameusukuma mwenyewe. Chumba kilikuwa kile kile alichoelekezwa, nyuma ya mashine ya kusaga, mtaa wa Misunkumilo, Mpanda. Alitegemea kuwakuta watu walioacha pombe.

Akamkuta Nyanzala!

Nyanzala yule yule, ndugu msomaji. Muuza gongo wa Shanwe. Mwanamke ambaye Dieudonne, kaka yake Nestori wa tumbo moja, alikwenda kwake kwa miguu na kurudishwa juu ya mkokoteni wa maji, amefunikwa kanga mpaka kifuani.

Nestori alirudi nyuma.

"Usikimbie," Nyanzala alisema. Hakuinuka kwenye benchi. "Umekuja kunywa au umekuja kuacha?"

"Nimekosea nyumba."

"Hujakosea. Anayetafuta gongo haji kwangu siku hizi. Ingia ufunge mlango, pumba zinaingia."

Nestori hakuingia, lakini hakuondoka pia. Angekwenda wapi? Mpanda nzima alikuwa ameizunguka. Hospitali walimwambia huduma ya watu kama yeye iko Dodoma, na Dodoma si Kasokola hapo jirani. Mchungaji wa Shanwe alimwekea mikono kichwani, pepo likakemewa mpaka sauti ikamkauka mchungaji, na jua lilipozama Nestori alikuwa kilabuni. Mafundi uashi wenzake walimcheka. Ni muuguzi mmoja tu, Immaculata, aliyemvuta pembeni na kumnong'oneza: kuna kikundi, wanakutana Jumamosi mchana, uliza mashine ya Misunkumilo.

Immaculata hakusema kikundi ni cha nani.

Na leo ilikuwa Jumamosi. Kesho yake, kanisani Kasokola, binti yake Agape angepokea komunyo ya kwanza. Tangu mkewe Rosine alipofungasha vitu na kurudi kwa wazazi wake huko, Nestori alikuwa amemwona mtoto kwa mbali tu, kama mtu anayemwona mtoto wa jirani. Halafu simu ikaja. Rosine aliongea maneno machache, makavu:

"Agape kasema uje kanisani. Kasema pia, ukiwa umelewa usije."

Ndiyo maana tangu jana asubuhi Nestori hakuwa ameonja hata tone. Yeye, ambaye kwa miaka mingi hakuwahi kupiga mswaki kabla ya kupiga funda. Usiku hakulala. Shati lilikuwa limelowa jasho kama limetoka kufuliwa, na mikono ilitetemeka hata alipoishikanisha.

Aliingia, akafunga mlango.

Chumba kilikuwa na mabenchi ya kukaa watu kumi na zaidi. Yamepangwa vizuri, yamefutwa vumbi. Aliyekaa ni mmoja.

"Wengine wako wapi?" aliuliza.

"Wawili wako makaburini," Nyanzala alijibu. "Mmoja alikwenda machimboni, huko dhahabu aliipata, na akili ikapotea. Waliobaki ukitaka kuwaona pita vilabuni jioni, watakusalimia vizuri tu."

"Sasa kikundi ni nani?"

"Ni mimi na Maiko wa bodaboda. Na Maiko leo kachelewa, na akichelewa huwa najua kwa nini."

Nestori alicheka. Kicheko kilitoka kibaya, kikamchoma mwenyewe.

"Kwa hiyo nimetembea kote huko nikafundishwe kuacha na wewe? Wewe uliyemuua Dieudonne?"

"Sema yote," alisema Nyanzala. "Hapa tunasema."

"Kaka yangu alikuwa na mwili wa kubeba gunia mbili! Alikuja kwako mzima! Tulipompokea alikuwa haoni, anapapasa hewa, ananiuliza mbona mmezima taa, na jua linawaka! Kesho yake tukamzika. Na wewe ukaja msibani, ukakaa na wanawake, ukala ubwabwa wetu!"

"Nilikuja."

"Hukusema kitu!"

"Ningesema nini, bwana? Nyumbani kwangu nilikuwa nimemwacha Kija amelala, na yeye haoni."

Kija, mtoto wa kwanza wa Nyanzala, Nestori alimjua. Kijana mwenye maneno mengi, alikufa wiki ile ile.

"Kija alikufa kwa malaria," alisema.

"Ndivyo tulivyotangaza." Nyanzala alikuwa anaangalia mikono yake. "Walikunywa dumu moja. Kaka yako alilipia, mwanangu akaiba. Nilikuwa sijui anaiba. Wa kwako ulimzika ukalia na watu. Wa kwangu nilimzika na uongo, kwa sababu ningesema kweli ningefungwa, na wadogo zake wangekula nini? Basi nikaendelea kunywa mimi. Niliimaliza stoo yangu yote peke yangu nikitegemea na mimi nitakufa. Sikufa. Hata hilo lilinishinda."

Mashine ya upande wa pili ilinguruma, ukuta ukatikisika. Nestori alijikuta amekaa.

Hakumsamehe, msomaji, usije ukadhani. Miguu tu ilikuwa imemwishia.

Nyanzala alihama benchi, akaja karibu. Akamshika viganja vyote viwili bila kuomba ruhusa, kama mama anavyomshika mtoto mwenye homa.

"Umeacha lini?"

"Jana asubuhi."

"Umeacha yote mara moja? Bila mtu wa kukuangalia?"

"Ningeachaje, nusu nusu?"

"Yaya!" Kisukuma kilimtoka kwa mshtuko. "Hapana, hapana. Tukitoka hapa tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Hii mikono siipendi."

"Siendi! Wakinilaza, kesho nitakuwa wapi? Mtoto akigeuka kanisani asinione, atasema nini? Atasema yuko kilabuni!"

Kabla Nyanzala hajajibu, mlango ukafunguliwa. Maiko aliingia na koti lake la bodaboda, kichwa chini. Harufu ilitangulia, yeye akafuata.

"Nimekunywa, mama," alisema. "Siwezi kukudanganya. Abiria alinilipa vizuri, nikapita pale mara moja tu..."

"Kaa," alisema Nyanzala.

"Hunifukuzi?"

"Nikikufukuza nitabaki na nani? Kaa, bwana. Umekuja."

Nestori aliwatazama. Kumbe hiki ndicho kile alichokitafuta kwa shida zote zile! Mwanamke mmoja aliyeua mwanawe bila kujua, na kijana mmoja mlevi. Na yeye, wa tatu. Na ile harufu ya Maiko, Mungu wangu! Ilimwingia puani ikashuka mpaka tumboni, ikagonga kama mgeni anayeijua nyumba.

Maana Nestori hakuja mikono mitupu. Kwenye mfuko wa ndani wa jaketi alikuwa na chupa ndogo ya plastiki, imejaa gongo. Hakuwa ameifungua. Aliibeba kwa hofu. Alijiambia kwamba mtetemeko ukizidi sana kesho, atapiga funda moja nyuma ya choo cha kanisa, asimame wima mtoto asione aibu. Funda moja tu. Na alijua, kama kila mlevi anavyojua, kwamba funda moja halijawahi kuzaliwa.

Akaamua kuitoa. Kweli kabisa, aliamua! Ampe Nyanzala, aseme hii hapa, kaimwageni. Mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya jaketi.

Mlango ukapigwa teke.

"Chini wote! Kaeni chini!"

Mgambo! Walikuwa wanne, wana marungu, na nyuma yao wanawake wa mtaa wanachungulia. Maiko hakusubiri kuuliza. Alipita dirishani kama paka, koti likachanika kwenye msumari, akapotea.

Nestori alianguka chini ya benchi, na akiwa chini mkono wake ulifanya kitu ambacho hakuutuma. Ulichomoa chupa, ukaisukuma mbali, pembeni, kwenye kivuli cha ukuta.

"Nyanzala," alisema mgambo mrefu, kiongozi wao. "Tulikuonya ama hatukukuonya?"

"Nauza nini hapa? Tafuteni. Pekueni."

"Wateja wanaingia kila Jumamosi, wanatoka wanalia, wanakumbatiana. Hiyo si pombe ni nini?"

"Ni kikundi cha kuacha pombe."

Wanawake mlangoni waliangua kicheko. "Fisi kafungua shule ya mbuzi!" mmoja alipaza sauti.

Waligeuza mabenchi, wakavuta mkeka. Halafu mgambo mmoja akainama kwenye kona. Aliponyanyuka alikuwa ameshika chupa. Akafungua kizibo, akanusa, akakunja uso.

"Mzigo huu hapa."

Kicheko kilikatika. Nyanzala aliiangalia ile chupa kama mtu aliyeona nyoka kitandani kwa mtoto. Kisha, taratibu, akageuza macho kwa Nestori.

Alijua! Hakuhitaji kuambiwa.

"Ya nani hii?" aliuliza mgambo mrefu.

Nestori alifungua mdomo. Alitaka kusema. Lakini akilini alimwona Agape amevaa gauni jeupe, anageuka kuangalia mlango wa kanisa, anaangalia tena, na mlango hauna mtu. Akaangalia chini.

"Nimeuliza, ya nani?"

"Ni yangu," alisema Nyanzala.

"Nilijua!"

"Basi kama ulijua, twende. Huyu muacheni, ni mgonjwa. Kaja tu kuuliza njia."

"Mteja, potea!" Mgambo alimsukuma Nestori kwa rungu.

Walimfunga Nyanzala mikono kwa kamba. Alipopita mbele ya Nestori alisimama kidogo. Hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana.

"Kesho usikose," alisema. Ni hilo tu.

Wakaondoka naye, mtaa mzima unafuata nyuma unapiga miluzi. "Alisema kaacha! Alisema kaokoka!" Mwenye mashine alikuja na kufuli, nguo zimejaa unga, akamwangalia Nestori kama kitu kilichoangushwa na mbwa.

"Hiki chumba basi. Niliwapa kwa huruma, mmeniletea mgambo. Kikundi chenu mkatafute kwingine."

Kufuli likalia. Kikundi alichokitafuta Mpanda nzima, Nestori alikuwa amekizika mwenyewe kwa kunyamaza.

Akaondoka. Alikuwa huru, hana kosa, na kesho ingemkuta kanisani kama alivyoombwa. Mbona basi kila hatua ilikuwa nzito kama anatembea kwenye udongo wa mfinyanzi? Alipita nyuma ya kilabu cha pombe ya komoni. Mtu alimwita kwa jina, "Fundi! Fundi njoo, kuna nafasi!" Hakugeuka. Akafika Shanwe, akaona paa la chumba chake. Angeingia, angejifungia, angengoja asubuhi.

Angemwangaliaje Agape akipokea mwili wa Bwana kwa ulimi msafi, na yeye wa kwake umemfunga mtu?

Akageuza.

Kituo kidogo cha polisi, mgambo walikompeleka Nyanzala, kilikuwa kimya. Nyuma ya kaunta alikaa askari anayeitwa Apolinari, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Chupa ilikuwa mezani kwake. Mlango wa mahabusu ulikuwa nyuma, wa nondo, na ndani, gizani, Nestori aliona kanga ya Nyanzala.

"Afande, ile chupa ni yangu."

Apolinari aliinua uso. "Chupa ipi?"

"Hiyo hapo. Nilikwenda nayo mimi. Mama huyo kaisemea tu. Mwachieni."

"Mjinga wewe!" sauti ya Nyanzala ilitoka ndani. "Nilikwambia usikose! Rudi kwako!"

Apolinari alimkagua Nestori kuanzia kichwani: jasho, macho mekundu, mikono inayoruka ruka.

"Umelewa, bwana."

"Sijanywa tangu jana asubuhi."

"Mbona unatetemeka?"

"Ndiyo kutokunywa kwenyewe huku, afande."

Apolinari alicheka polepole, bila ubaya. "Nimekaa kazini miaka mingi. Sijawahi kumwona mtu amelewa kwa kutokunywa." Akanyanyuka, akachukua funguo. "Haya. Umekiri ni yako, nimekusikia. Ingia."

"Na huyu mama anatoka?"

"Atokeje? Chumba chake, chupa yako. Mmekuwa wawili."

Nestori alishika kaunta. Hilo hakulifikiria. Alidhani ukweli ni kama ufunguo, ukiuingiza mlango unafunguka. Kumbe alikuwa ameleta mfungwa wa pili! Nyanzala hatoki, kanisani haendi, na chumba kimefungwa.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, akasikia nyuma yake sauti aliyoifahamu kuliko ya kwake.

"Mana yanje, Mungu wangu! Kumbe kweli."

Rosine! Alikuwa mlangoni kwa kilemba chake cha safari, mfuko wa sokoni mkononi. Walikuja mjini kutafuta viatu vya mtoto. Maiko, aliyewafahamu tangu alipokuwa akimbeba Rosine kwa bodaboda, alipotoroka dirishani alimwona sokoni, akadhani anaokoa jahazi, akamkimbilia, akamwambia na pumzi zake za gongo, "Shemeji, Nestori kaacha pombe, ila kuna fujo, nenda polisi!" Na pembeni ya Rosine, amekumbatia boksi la viatu vyeupe kifuani, alisimama Agape.

Amekua. Hilo ndilo wazo la kwanza lililompata Nestori. Amekua na mimi sikuwepo.

"Baba," mtoto alisema, "umekunywa?"

"Sijanywa, mama. Sijanywa kabisa."

"Afande," Rosine aliuliza bila kumwangalia mumewe, "hiyo chupa ni ya nani?"

Apolinari alisitasita. Alimwonea huruma mtoto. Lakini ameulizwa.

"Mwenyewe amesema ni yake."

"Umesema ni yako?"

"Ni yangu, Rosine, lakini sikuifungua. Nilikuwa nataka kuitoa..."

"Siku moja," alisema Rosine. Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imechoka tu, imechoka kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali na kuikuta imetoboka. "Mtoto alikuomba siku moja tu, baba Agape. Hakukuomba kitu kingine."

"Rosine, nisikilize. Kuna kikundi..."

Alitaka kumweleza. Alitaka kusema kuhusu Kija na Dieudonne, kuhusu mabenchi yaliyofutwa vumbi. Lakini maneno yalikuja yamevunjika. Taa ya kaunta ikawa mbili. Taya likabana. Mguu wa kushoto ulianza kuruka wenyewe, kisha mkono, na sakafu ikanyanyuka kuja kumpokea.

Nestori alianguka kifudifudi mbele ya viatu vya mwanawe. Mwili wote ulikuwa unapiga saruji, povu limetoka pembeni ya mdomo.

"Mnaona?" alisema Apolinari, akarudi nyuma hatua. "Eti hajanywa. Hata kusimama hawezi."

"Hajalewa!" Nyanzala alikuwa amekamata nondo kwa mikono yote miwili, anazitikisa, kelele zinafika barabarani. "Huyo hajalewa! Mwili unadai pombe, unamuua! Mpelekeni hospitali, atakufa hapo mnamwangalia! Mama wewe, huyo mumeo hajalewa!"

Rosine alimtazama yule mwanamke nyuma ya nondo. Akamtambua. Nyanzala wa Shanwe, mwenye gongo! Neno la nani lingekuwa jepesi kuliko lake?

"Wewe ndiye wa kuniambia nani kalewa?" alisema.

Akamfunika mtoto macho kwa kiganja. Akamshika mkono.

"Twende, mwanangu. Gari la Kasokola litatuacha. Baba yako akilala itamtoka."

Apolinari alikuwa amesimama na funguo mkononi, hajui aende kwenye mlango wa mahabusu au kwenye simu. Nyanzala alikuwa ameanza kulia. Pale chini visigino vya Nestori viligonga saruji, vikagonga, kisha vikaanza kupunguza kasi.

Rosine alivuta mkono wa mtoto. Akavuta tena.

Agape hakusogea.